Mashine Ilikuwa Inafuta Sauti ya Marehemu Mume Wangu

Admin, ficha jina langu na kijiji changu, huku Singida tunajuana. Mimi ni bibi, miaka sabini nimeshaipita, shule sikuiona hata mlango. Haya nayasema kwa mdomo, anayeandika ni jirani. Wa nyumbani kwangu sikumtaka hata mmoja, mtaelewa kwa nini.

Mume wangu aliugua muda mrefu. Aliyemgeuza kitandani, kumwogesha na kumlisha ni binti yetu wa mwisho, aliyerudi nyumbani ndoa ilipomshinda. Siku moja binti kaenda kuchota maji, mzee akamwambia mwanangu mkubwa aweke simu irekodi. Akasema shamba la alizeti la barabarani ni la huyo binti. Nilisikia kwa masikio haya, ndipo nikatoka kuangalia uji jikoni.

Mwanangu akaihifadhi ile sauti kwenye kompyuta ya dukani kwake. Zamani tulikuwa na duka moja tu la ushirika, tunapanga foleni ya sabuni. Siku hizi kila mlango ni duka, naye ana lake, anatoa kopi na kuwawekea vijana nyimbo kwenye simu.

Matanga yalipokwisha akaanza kusema eti mzee aliongea na homa. Nikamwambia sawa, tutaisikiliza mbele ya ukoo alizeti zikikomaa. Haukupita muda nasikia umeme umekatika, diski ya kompyuta imeharibika. Akaniambia, "Mama, iache ipumzike kama baba." Maneno hayo yalinikaa vibaya. Mtu duka lake limesimama, na hahangaiki?

Nikamwomba lile kasha la kompyuta nilipeleke kwa fundi, akashindwa kuninyima; nikalifunga mgongoni kwa kanga, nikapanda basi mpaka Manyoni. Konda akaniuliza mbona mtoto halii. Nikamwambia akilia tutashuka wote.

Fundi akaniamkia, akasikiliza diski inavyokwaruza, akasema kwanza atakopi kila kitu kwenye diski nyingine iliyo nzima, ile mgonjwa isiandikwe kitu. Niliporudi siku nyingine akanikalisha.

"Bibi, hii mashine ikitaka kufanya jambo huandika kwanza pembeni inachokwenda kufanya. Umeme ukikatika katikati, ikiwaka inasoma pale na kumalizia."

Nikamwelewa. Mimi nami siendi kisimani bila kumuaga jirani, nikianguka njiani wajue pa kunitafuta. Nikamuuliza, "Sasa hii mara ya mwisho iliaga inakwenda wapi?"

Akainama. "Ilikuwa inafuta, bibi. Folda moja, ya sauti ya mzee. Ningeiwasha kama kawaida ingemalizia."

Funguo za duka lile anazo mwanangu peke yake.

Fundi akaifungua kopi bila kuiruhusu imalizie. Mume wangu akakohoa, nikajishika mdomo. Akasema shamba ni la binti, vilevile nilivyosikia. Nikanyoosha mkono nipewe flashi aliyonitilia ile sauti niondoke. Lakini sauti ikaendelea. Mlango ukalia, ndio mimi naenda kwenye uji. Mzee akashusha sauti:

"Mama yako asisikie. Ukiona shamba hili litawagombanisha, yafute haya maneno, mgawane sawa."

Mwanangu alisikika akivuta kamasi tu.

Flashi nimeifukia kwenye debe la mbegu. Kila asubuhi mwanangu anakuja, shikamoo mama, kisha ananiuliza taratibu kama mashine imepona. Nasema bado. Namtazama usoni, simwelewi. Kama alimtii baba yake, mbona ugomvi wenyewe kauanzisha yeye na habari zake za homa? Na kwa nini alinificha? Ingawa nisiwadanganye, angeniambia ningemwita mwongo.

Binti yangu analima lile shamba huku anaimba. Ile nusu ya pili ya maneno ya baba yake haijui.

Fundi ameniambia mwisho unaweza kukatwa, ibaki sehemu ya kwanza tu. Nikamwambia asubiri. Nikiikata, nitakuwa na mimi nimefuta. Nikiiacha yote, aliyemwosha baba yake atapata kipande sawa na aliyetaka kumnyamazisha, na huyo ataondoka pale akijiita mtiifu. Na wote wawili nimewazaa mimi, nawapenda mpaka nakasirika.

Alizeti zimeshainamisha vichwa, ukoo unakuja. Semeni nami kama mnavyosema na mama zenu, msinionee haya: siku hiyo niwasikilizishe mpaka wapi?