Leso za Bibi Kwenye Fainali ya Softboli

Nianze kwa kukiri: mimi sijui kukimbia. Kugonga mpira najua, kuudaka najua, kuchuchumaa nyuma ya mpigaji kwenye jua la saa saba bila kunung'unika najua, lakini mbio Mungu hakunijalia. Wenzangu wa timu ya chuo waliniita lori la kokoto. Nami niliitika, maana jina kama hilo ukilikataa ndiyo umelibeba mpaka uzeeni.

Mwaka ule mashindano ya kitaifa ya softboli ya wanawake wa vyuo yaliletwa kwetu, pwani ya kusini, kwenye uwanja mmoja wa Ukunda ulio nusu nyasi na nusu mchanga. Hatukuamini. Miaka yote sisi ndio tuliopanda kwenda bara kupigwa na baridi, kisha kupigwa na timu za huko. Sasa wao ndio waje kwetu watokwe na jasho. Tulicheka wiki nzima kabla hata ya mpira wa kwanza kurushwa.

Bibi yangu wa Munje, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, hakuwa amewahi kuniona nikicheza. Alichojua ni kwamba nikija likizo nguo zangu za michezo zilimmalizia sabuni. Jumamosi moja kabla ya mashindano nilimkuta uani anakuna nazi, nikaamua kumfundisha mchezo wenyewe.

"Shikamoo, bibi. Leo utasoma."

"Marahaba. Haya nisomeshe, ila usinimwagie nazi yangu."

Nikapanga vifuu vitatu uani viwe vituo. Mbuzi ya kukunia nikaifanya kibao, yaani pale anaposimama mpigaji na ndipo anapotakiwa kurudi. Kwa kuwa alikuwa ameikalia, nikawa nazunguka vifuu na kumrudia yeye. Nikamweleza: nikigonga mpira nakimbilia kifuu cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha narejea hapa, nikigusa kibao kabla hawajanigusa na mpira, tumepata pointi.

Akaacha kukuna. "Na ukifika, nani akupokea?"

"Hapana anipokeaye, bibi. Refa anaandika tu."

"Mtu azunguka jua lote hilo, arejea salama, hapokewi?" Akatikisa kichwa, akarudi kwenye nazi yake. "Hao wenye mchezo hawana adabu."

Ningekuwa na akili ningelishika neno lile. Mimi nilicheka, nikaiba nazi iliyokunwa, nikapigwa mkono.

Mashindano yakaanza, na ajabu ya maajabu, tukawa tunashinda. Sitasema uongo kwamba tulikuwa hodari kuliko wote. Timu moja ilikunywa madafu mengi mno asubuhi ya mechi, na mrushaji wao akawa anaomba ruhusa kila baada ya dakika chache. Nyingine ililemewa na jua. Sisi tulikaza tu, wenye hijabu tumezichomeka ndani ya fulana, tukafika fainali. Ila mimi, katika mechi zote zile, sikuwahi kuzunguka nikarudi. Mara tatu nilifika kituo cha tatu na mara tatu nikaachwa pale pale, mpaka nikakizoea kama sebule ya kwetu.

Siku ya fainali bibi alikuja. Alikuja na wanawake saba wa kikundi chake cha kusuka makuti, wote wamejitanda leso mpya, na kila mmoja ana nyingine zimekunjwa kwapani. Nilidhani ni za kukalia. Wakaketi pembeni, si mbali na kibao, wakashangilia kila kitu. Mpinzani akigonga vizuri, vigelegele. Sisi tukidaka, vigelegele. Nilipokwenda kumnong'oneza bibi kwamba wale ni wapinzani, alinijibu kuwa wale nao wana bibi zao, tena wako mbali.

Mpaka zamu ya mwisho tulikuwa tatu kwa tatu, na ilikuwa zamu yetu kupiga. Mwenzetu mmoja alishatolewa, mrushaji wetu bega limemvimba, na kila mtu alijua mechi ikiongezwa muda tumekwisha. Nikaitwa mimi. Kocha wetu, kijana wa Nakuru aliyekuwa hajazoea joto wala utaratibu wa kwetu, alinishika mabega.

"Madam, leo usiniangushe. Wewe chapa tu hiyo kitu. Mambo ya mbio wachia Mungu."

Mpira wa kwanza niliuacha. Wa pili niliugonga, na hata leo mkono wangu unaukumbuka. Uliruka ukapita vichwa vya wote, ukaingia kwenye mivinje iliyo mwisho wa uwanja, na msichana wao akaufuata akitambaa. Nikakimbia. Kituo cha kwanza, cha pili, huku pumzi zinatoka kama kuku anayefukuzwa. Kituo cha tatu nikamwona kocha anazungusha mkono kama aliyepagawa: nenda, nenda!

Nikageuka kuelekea kibao, nikakuta hakuna kibao.

Kulikuwa na leso. Nyekundu, ya manjano, nyeusi, ya zambarau, zimetandikwa moja mbele ya nyingine kutoka karibu na kituo cha tatu hadi mwisho kabisa, na bibi yangu ameinama anainyoosha ya mwisho isiwe na kunyanzi. Kwetu bi harusi akitolewa nje ndivyo anavyofanyiwa, apite juu ya leso mguu wake usiguse mchanga. Wale wanawake wanane waliona mtu anarejea wakafanya lipasalo.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilisita. Fainali ya taifa, mpira umeshatoka kwenye mivinje, nami nawaza viatu. Nimelelewa vibaya au nimelelewa vizuri mno, sijui, lakini nilikaribia kuinama nivivue. Kocha alipiga ukelele ambao sitauandika hapa. Nikakanyaga. Viatu vyangu vya meno vikanasa leso ya pili, ya pili ikavuta ya tatu, nikaenda kifudifudi nikiteleza na mzigo wote hadi nilipokomea.

Mdakaji wao, anayekilinda kibao, alikuwa na mpira mkononi lakini yuko magotini, anafunua leso moja moja. "Iko wapi? Hii kitu iko wapi?" Kisha akanigusa na mpira mgongoni, begani na kisogoni, ili kusiwe na ubishi. Mimi nami nilikuwa napapasa chini kama aliyeangusha sindano. Tukatazamana, tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka tukashindwa kuinuka.

Refa, baba mmoja wa makamo, akatuamuru tusisogee. Akaziokota leso mwenyewe, akazikung'uta mchanga, akazikunja moja moja kwa heshima, maana wenyewe walikuwa wamesimama wanamtazama. Kibao kikaonekana, hatua nzima kushoto kwangu. Nilikuwa nimekipita. Akaamua kwamba katika hali ile hakuna ambaye angekiona, si mimi wala mwenzangu, kwa hiyo sijatoka wala sijafunga. Nirudi kituo cha tatu.

Sebuleni kwangu.

Ndipo nilipomwona bibi. Alikuwa amepokea leso zake amezikumbatia kifuani. "Nimekuharibia, mjukuu wangu," akasema, na hakunitazama. Kombe nikalisahau papo hapo. Niliwaza kwamba nisipofika sasa, mwanamke huyu atarudi Munje akiamini kuwa furaha yake ndiyo iliyotukosesha, na hakuna neno nitakalomwambia likamtoka moyoni.

Refa akawaendea wale wanawake. "Mama zangu, nawaomba. Mpaka niseme mimi." Wakaketi wote wanane, leso mapajani, mikono imefungwa kama darasa la kwanza.

Mpigaji aliyefuata alikuwa msichana wa Bodo, mdogo kuliko wote. Kocha akamwonyesha ishara ya kuugusa tu mpira, usiende mbali. Mrushaji alipozungusha mkono nilikuwa nimeshaanza kusogea. Gongo likasema tak, mpira ukabingirika mbele kidogo ukiwa na uvivu wa kobe, na mimi nikakimbia mbio ambazo sikuwa nazo. Niliona mdakaji anaurukia. Nikamwona anageuka. Nikajitupa na mkono mbele, nikaingia mchangani mpaka kwenye meno, na chini ya kiganja changu kulikuwa na kitu kigumu, cha moto, chenye kona. Kibao!

Refa akaifungua mikono yake miwili pande zote. Salama. Nne kwa tatu, mechi imekwisha.

Wenzangu wakanirukia wakanizika. Lakini kule upande wa wanawake kulikuwa kimya kabisa. Nikachungulia katikati ya miguu ya watu. Walikuwa wameketi vile vile, hakuna aliyethubutu hata kupiga kigelegele, macho yote kwa refa.

"Baba," bibi akauliza kwa sauti ndogo, "sasa twaruhusiwa?"

Refa akaivua kofia yake. "Sasa tandikeni, mama."

Waliinuka kwa vifijo ambavyo naamini vilisikika Kinondo. Nikataka kumkumbatia bibi, akanisukuma. Hapana, alisema, leso hazianzii hapa. Nirejee kule kwenye kituo cha tatu nije kama watu. Basi lori la kokoto likarudi tena kituo cha tatu, mbele ya taifa zima la softboli, likisubiri leso zinyooshwe. Mdakaji wao alikuwa ameinama anashika ncha moja, anamsaidia bibi.

Safari hii nilivua viatu.