Kompyuta Ndogo kwenye Shukrani ya Baba

Mnaotaka kunicheka nichekeni mmalize, maana aibu ile hata mimi nikiikumbuka natamani kujichapa makofi, na hasira bado ninazo.

Mimi nahariri video pale Mukendo, mjini Musoma, na jirani yangu wa duka ni Wambura, fundi kompyuta. Mwezi mzima tulibishana. Mimi nilikuwa nimenunua kompyuta ndogo yenye nguvu ya ajabu, unaibeba kwenye begi, na yeye ana boksi lake kubwa la kubebwa na watu wawili (naongeza chumvi, lakini ni zito). "Magesa, hako kamebanwa mno," alisema. "Joto litapita wapi? Feni ndogo zinapigaga kelele, na diski imechomelewa humo humo, kakizima huna pa kuichomoa." Nikamjibu kwamba yeye anauza vyuma vya kupima kwa kilo.

Ikafika ibada ya shukrani, mwaka mmoja tangu baba afariki, nyumbani Butiama. Nilikuwa na video ya baba akiwaomba wadogo zake wa Mugango wamalize ugomvi wa shamba. Hawakuwa wamekanyaga kwetu miaka mingi. Mama aliwabembeleza waje wasikie kwa masikio yao. Wambura, aliyeleta spika na boksi lake, akaniambia nimhamishie ile video kwenye flashi, kwa tahadhari tu. Nikakataa. Nimpe ushindi mbele za watu?

Mchungaji alipoanza kuomba, turubai likiwa limeiva kwa jua, kompyuta yangu ikaanza kuvuma. Watu wakafumbua macho. Wambura akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililoniharibu, nikavuta kitambaa cha mama cha kufuma (vile vinavyovalishwa redio na televisheni kila nyumba kwetu), nikakikunja mara mbili, nikaifunika gubigubi. Kelele zikafifia. Nikamkonyeza.

Video ikaanza. Baba akatokea ukutani kwa mwanga wa projekta, akakohoa, akasema, "Wadogo zangu wa Mugango," picha ikakatika. Nikabonyeza, wapi. Wambura akaja, akafunua, akagusa, akarudisha mkono haraka.

"Umekafunika? Umekapika, kaka."

Hapo nikapandisha. "Wivu tu unakusumbua, mshenzi mkubwa wewe, toka hapa!"

Kumbe maikrofoni ya mchungaji ilikuwa mbele yangu, imewashwa, na spika za Wambura ni nzuri kweli. Baba mdogo akasimama, akavaa kofia. "Tumeitwa kumsikia marehemu," akasema, "tunasikilizishwa matusi." Wakaondoka wote, hata chakula hawakugusa.

Baada ya saa moja kompyuta ikapoa na kuwaka bila tatizo lolote, baba akaongea mpaka mwisho mbele ya viti vitupu. Nikamfuata mama jikoni aje amsikilize. Hakugeuka.

"Mimi hayo aliyasema nimekaa pembeni yake," akasema. "Hakuwa anaongea na mimi."

Wambura nimemwomba radhi. Mugango nimeenda mara mbili na video kwenye simu. Wananipa kiti, wananipa samaki sato, nikitoa simu tu wanakumbuka kazi shambani. Nimeapa, siku mama akiwa na shughuli yake nyumbani, ubishi wangu na mtu yeyote unabaki dukani.