Tulivyobandua Lipu ili Kodi Ipungue

Mtu akiniuliza namna ya kupunguza kodi ya nyumba, humjibu kwamba mimi niliipunguza mara mbili katika mwaka mmoja, na ile ya pili simwombei hata adui yangu.

Nyumba yenyewe ipo Chemchem. Marehemu baba aliijenga kwa matofali mabichi, akaipiga lipu ya chokaa nje na ndani, akaezeka bati. Vyumba vinne na ukumbi. Mimi nilikuwa fundi cherehani, nikishonea barazani. Chumba cha mbele, upande wa barabara, kilikuwa cha mama; vile vitatu tulijazana mimi, mke wangu na watoto. Miguu yake ilikuwa imeshachoka, hatoki, lakini dirisha lile lilimtosha. Kila aendaye sokoni alisimama pale, akatoa shikamoo, akaulizwa kama mtoto ameacha kukohoa, akajibu, akapita. Habari za mji mama alizipata kabla yangu mimi niliyekaa nje.

Basi ikaja barua ya kodi. Loh! Nilidhani tarishi kakosea mlango. Siku hizo redio ilitwambia asubuhi na jioni kwamba nchi ni yetu, ardhi ni yetu, uchumi ni wetu. Nikaona kumbe na kodi nayo ni yetu, na yangu mimi imezidi ya wenzangu. Mke wangu hakuzunguka. Alisema hakuna njia ila tupangishe chumba cha mbele, mama aende kwa dada yangu Usinge. Usinge si kubaya, asali ipo na mahindi yapo, lakini dada aliishi shambani, na jirani yake wa karibu alikuwa msitu. Nilipomweleza mama, hakulia. Aliuliza tu, "Huko ataniamkia nani?"

Nikaapa kwamba haendi.

Nikamkimbilia mjumbe wetu wa nyumba kumi. Ua wake na wetu vilishikana bila uzio, maana wazee wetu waliishi kama ndugu. Mtu wa maneno yule! Azimio la Arusha alikuwa amelikariri hadi koma zake. Wakati huo alikuwa akiutafuta uenyekiti wa tawi, kwa hiyo hakuvua ile suti ya kiongozi, ya mikono mifupi na mifuko minne, niliyomshonea mimi mwenyewe.

"Ndugu fundi," akaniambia, "kodi hufuata sura. Nyumba yako inameremeta kama bibi harusi, ulitegemea nini? Kata rufaa, mpimaji atarudi. Akirudi, akute gofu."

Nikakata rufaa. Siku mbili kabla mpimaji hajaja, mjumbe akapuliza filimbi, akaita msaragambo. Kwetu msaragambo ni kazi ya kujitolea ya mtaa mzima: kuchimba mtaro, kujenga darasa. Siku ile wananchi walijitolea kuiharibu nyumba yangu, na wallahi sijapata kuona watu wakifanya kazi kwa moyo namna ile. Kwenye darasa iliwabidi waitwe mara tatu, na majembe waliyasahau nyumbani. Kwangu walifika kabla ya filimbi kuisha, kila mtu na jembe lake. Mwashi aliyetupigia lipu ndiye aliyeanza kuibandua, na alijua pa kuanzia. Wakaubandua ukuta wote wa barabarani, kwa kuwa ndio mpimaji anaouona kwanza. Tofali likabaki uchi. Jirani mmoja akaleta mbuzi wake akamfunga ukumbini, eti kukoleza umaskini. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Mama alikuwa nyuma ya ukuta uleule, akisikiliza majembe. Akatoa kichwa dirishani.

"Nyumba imewakosea nini?"

"Tunakuokoa, mama," nikamjibu.

"Haya," akasema, akafunga dirisha.

Siku ya mpimaji nilivaa shati lililochanika mgongoni, mimi fundi cherehani! Mjumbe hakuonekana, alituma salamu kwamba ana kikao. Akaja kijana wa baiskeli, mpole, na utepe wa kupimia mkononi. Nikaanza kulia shida. Sijafika hata katikati, mara mama huyo mlangoni, kajitanda kanga mpya, anatembea taratibu na birika la kahawa. Kumbe tangu alfajiri alikuwa amemtoa mbuzi, amefagia, ametandika mkeka wa Idi na kupanga vikombe na kashata.

"Mama, unaniharibia!" nikamnong'oneza.

Yeye akajibu kwa sauti ya kusikika barabarani. "Kodi ni ya serikali, aibu ni yangu. Mgeni hatakaa na mbuzi nyumbani kwangu. Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kunywa kwanza, kazi haikimbii."

Kijana akanywa vikombe vitatu. Kisha akatoka kuutazama ukuta. Akauliza nani kaufanya vile, nikasema ni uzee. Akainama, akaokota kipande cha lipu chenye alama ya jembe, akakigeuzageuza bila kunitazama usoni.

"Ndugu, sisi hatupimi chokaa," akasema. "Tunahesabu vyumba na kupima kiwanja. Wewe una vyumba sita."

"Vinne!"

"Sita. Viwili vipo uani."

Akanionyesha. Vile viwili vilikuwa vya mjumbe, amewapangisha makarani wawili wa stesheni. Daftari likaeleza yote: siku ya kuhesabu mimi nilikuwa mnadani nauza nguo, na aliyemtembeza mpimaji wa kwanza alikuwa mjumbe wetu. Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Yeye alilitii kwa moyo mmoja. Vyumba alinipa mimi daftarini, wapangaji akabaki nao.

"Una karatasi ya kiwanja?" kijana akauliza.

Nikasema baba hakuacha karatasi. Mama akaingia ndani, akarudi na karatasi iliyokunjwa ndani ya kitambaa, mipaka yote imechorwa. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ilikuwapo siku zote?"

"Siku zote."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?" akasema. "Wewe ulileta majembe."

Kijana akapima, akavifuta vile viwili daftarini kwangu, akaniambia kama ningaliipeleka karatasi ile ofisini tangu mwanzo, asubuhi moja tu mambo yangalikwisha. Kodi ikashuka. Mama anabaki! Nilichinja jogoo siku hiyo, nikamwita hata mwenye mbuzi.

Ukabaki ukuta. Mwashi akasema chokaa imeadimika, labda saruji, na saruji ilitoka kwa kibali. Kibali kilitiwa saini na mwenyekiti mpya wa tawi, naye ndiye yuleyule jirani yangu. Vyumba vyake sasa vilikuwa vya shemeji yake. Kila nikienda, yuko kikaoni. Nilimsubiri mpaka wingu likafunga. Ningeweza kuukandika ukuta ule kwa udongo na mikono yangu miwili, lakini niliona haya majirani wasije wakaniona nimerudi kwenye udongo. Hilo sijajisamehe.

Mvua ya kwanza ilipiga mchana. Alhamdulillahi, mama alikuwa nyuma akichambua mchele. Tofali bichi lilikunywa maji mpaka alasiri, kisha ukuta ukaenda wote barabarani, na dirisha lake.

Mama hakuwa tena na chumba, nikamsindikiza Usinge kwa treni. Hakuninunia wala hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Njia nzima aliwaamkia abiria, akawauliza habari za watoto wao, kama mtu anayejaza akiba.

Mpimaji alipita tena. Barua ikaja: chumba kimoja pungufu, kodi imepunguzwa. Majirani wakanipa mkono. "Fundi, umewaweza!" Niliisoma barazani, kando ya lile pengo. Waendao sokoni bado walipunguza mwendo wakifika pale. Mwanamke mmoja alifungua kinywa atoe shikamoo, akakumbuka, akapita.