Msumari wa Kumi

Fundi viatu jirani yangu huongea na misumari midomoni, ile midogo ya soli, na hajawahi kumeza hata mmoja. Ukimpa kiatu atatazama kisigino, kisha wewe, kisha atakwambia vita vinakuja. Anasema vimeandikwa katika Zaburi ya themanini na tatu: mataifa kumi yanakula njama. Ameyatafuta kwenye ramani aliyobandika ukutani, na kila akilipata moja, hulipigilia msumari. Ipo tisa.

"Na Tiro, la kumi, je, fundi?" nilimuuliza siku moja. Nauza vitambaa mlango wa pili, na macho ninayo.

"Hiyo bado naichunguza."

Uongo mtupu. Tiro iko pale pale ufukweni kwenye ramani, kidole chake kimeshapafuta rangi. Ndiko alikokwenda binti yake kufanya kazi za ndani, mwaka wa tatu huu, na fundi hana mtu mwingine. Kila Jumamosi binti hupiga simu, naye hutema misumari yote kiganjani ndipo apokee, amuulize bintiye: "Mama, umekula?"

Jumamosi tatu sasa simu haijalia. Jana redio ilitaja mapigano huko, nikamwona amesimama mbele ya ramani, nyundo mkononi.

"Si unabii wako huo umetimia? Pigilia wa kumi basi!" nikasema. Ulimi wangu huu!

Akageuka, akatema misumari kiganjani kana kwamba simu imelia.

"Jirani," akasema, "niombee niwe nimesoma vibaya."