Kesi ya Baiskeli ya Kunolea Visu

Mama yangu alifuga bata ndani ya kambi ya polisi pale Nsambya, na bata walikatazwa. Kuku waliruhusiwa, bata hapana, na hakuna aliyejua sababu. Tuliishi chumba kimoja cha bati, baba, mama, sisi watoto na hao bata.

Kila Jumamosi mkubwa wa kambi alipita kukagua nyumba. Tulisimama nje kwa mstari, baba mbele na sare yake iliyopigwa pasi, mama nyuma yake, halafu sisi kwa urefu. Mimi nilikuwa wa mwisho, na hata leo mimi ni mfupi. Mkubwa aliuliza swali moja tu, lile lile kwa kila mlango: "Kuna shida hapa?" Baba anagonga visigino, anajibu: "Hakuna, afande."

Jumamosi moja tuliamka na mvua. Bati lilikuwa limefunguka upande mmoja, na sufuria zote za mama zilikuwa sakafuni zikikinga maji. Bata tulikuwa tumewaficha chini ya kitanda, lakini maji yakawafuata huko huko, na bata akiona maji hanyamazi. Tumesimama nje, wao ndani wanaoga na kusimuliana.

"Kuna shida hapa?"

"Hakuna, afande."

"Na hiyo sauti?"

"Hakuna sauti, afande."

Mkubwa alimtazama baba, akatazama bati, akaenda mlango wa pili. Nafikiri na yeye alikuwa amechoka. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Alituambia mtu mwenye sare akikuuliza, wewe uko sawa. Ukimwambia una shida atakuandika, na ukishaandikwa hufutwi. Bata wenyewe tulikuja kuwala mmoja mmoja, walikuwa wagumu sana.

Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo haya ninayoandika mtanisamehe yakienda huku na huku. Polisi hawakunichukua kwa sababu ya ufupi. Nikajifunza kunoa visu. Baiskeli yangu haikuwa ya safari tu. Ukiipandisha kwenye stendi yake, gurudumu la nyuma linabaki hewani, unafunga mkanda, unakanyaga, na jiwe la kunolea lililo mbele ya usukani linazunguka. Miguu ndiyo injini. Nimezunguka Nsambya, Kibuli na Kabalagala na jiwe hilo miaka mingi, nimesomesha watoto kwa miguu hiyo miwili, na mke wangu, ambaye ni Mkongo wa kutoka Bunia, nilimpata akiwa ameleta kisu cha samaki. Alisema nimekiharibu. Mpaka leo anasema hivyo.

Sasa ajali. Ilikuwa karibu na Idd ya kuchinja, na kwa mnoaji hakuna msimu mkubwa kuliko huo pale Kibuli. Wachinjaji walikuwa wamenipa visu vyao vyote, nimevipanga kwenye sanduku la mbao nyuma ya kiti, nateremka kilima kutoka upande wa msikiti. Breki nimeshika. Gari la mikate likaja nyuma, likanigusa. Kugusa tu, hivyo ndivyo watu walivyosema, limemgusa mzee. Baiskeli ilikwenda chini ya gari, mimi nikaenda kwenye mfereji, na visu vikatawanyika barabarani vikimeta.

Watu walikuja mbio, wakaona visu, wakasimama mbali. Mmoja akasema huyu ni mwizi. Mwingine akasema mwizi gani anabeba visu vingi namna hii, huyu ana duka. Nikabaki kwenye mfereji wakijadiliana.

Ndipo akaja askari wa barabarani, mama mmoja mwenye sare nyeupe, mpole. Akainama. "Muzee, uko sawa?"

Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti. Nilijua, kwa sababu nilisikia ukivunjika. Lakini nilishika nguzo ya stima iliyokuwa karibu, nikainuka, nikasimama kwa mguu mmoja wima kabisa, nikasema: "Niko sawa, afande."

Akaandika. Akawaita vijana wabebe baiskeli kituoni kwa ushahidi, na visu pia. Alipogeuka kwenda, nikaanguka. Mtu wa boda boda akanipakia mbele yake kama gunia, akanipeleka hospitali.

Visu vilikuwa na kesi yake. Wachinjaji walikwenda kituoni wote pamoja na kanzu zao, wakamwambia mkubwa wa kituo kwamba Idd haingojei mahakama, na kwamba mbuzi hawawezi kuchinjwa kwa kijiko. Wakarudishiwa. Baiskeli ikabaki.

Nilipotoka hospitali na plasta, mke wangu alinitafutia wakili. Binti mdogo, ana ofisi juu ya duka la magodoro, Kiswahili alijifunza kwa Wakenya chuoni. Alinisikiliza vizuri. Mimi nilitaka kitu kimoja: watu wa mikate wakubali kwamba gari lao ndilo lililovunja mguu huu, walipe, nitengeneze baiskeli nirudi kazini. Kama mguu hauwezi tena kukanyaga, basi walipe nimtafute mtu akanyage, mimi nishike kisu. Hapo ndipo ilipokuwa riziki yetu, hakuna pengine.

"Mzee wangu, kesi hii ni nyepesi," alisema. Halafu akasoma karatasi ya polisi. "Hapa ulisema uko sawa?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Nikamweleza habari ya bata. Alisikiliza yote, akauliza: "Hiyo nitamwambiaje hakimu?"

Watu wa mikate waliishika karatasi hiyo kama dhahabu. Walisema mzee alisimama mwenyewe akasema yuko sawa, kwa hiyo mguu ulivunjika baadaye, mahali pengine, labda kwenye boda boda. Na kesi ikaanza kutembea kwa mwendo wake. Leo hakimu yuko semina. Leo wakili wa mikate ana msiba. Leo hakuna mtu wa kutafsiri Kiswahili, watu wa Luganda wapo tele, wa Kiswahili hayupo, rudini mwezi ujao. Kila mara nilivaa koti langu moja, nikashika fimbo, nikapanda ngazi za mahakama upande upande kama kaa. Nikakaa kwenye benchi. Nikarudi nyumbani.

Baiskeli nayo haikuruhusiwa kuguswa. Nilimwomba wakili niichukue tu nipake mafuta, akakataa, akasema hakimu lazima aione ilivyopinda. Nilikuwa nikipita kituoni kuitazama kwenye ukuta wa nyuma. Jiwe lilikuwa limeshika ukungu. Wake za askari walikuwa wamepanda maboga hapo, na yale maboga yakapanda baiskeli, yakapita katikati ya spoki, yakazunguka usukani. Siku moja nilimkuta mama mmoja anachuma majani kwenye kiti changu.

"Shikamoo, mzee. Hii baiskeli ni yako?"

"Marahaba. Ni yangu."

"Imebeba vizuri," akasema, akanipa fungu la majani nikapike.

Nilipofika nayo nyumbani mke wangu aliyaangalia yale majani. "Weye, ulienda kutafuta haki, umerudia na mboga."

"Zimeota kwenye baiskeli yetu."

"Basi tumeshalipwa." Akaosha sufuria. Alipokuwa anakatakata akasema, bila kunitazama, "Ungelilia tu siku ile. Mtu amevunjika, analia, kila mtu anasikia. Baba yako amekufa zamani na bado anajibu kwenye mdomo wako."

Nikala. Majani yalikuwa mazuri, alitia karanga.

Mwishowe siku ikafika, hakimu yupo, mawakili wapo. Asubuhi yule binti wakili aliniketisha kwenye benchi. "Mzee wangu, watakuuliza kwa nini ulisema uko sawa. Utajibu kwamba kichwa kiligonga chini, hukujua unasema nini."

"Kichwa hakikugonga."

"Kidogo tu."

"Hata kidogo. Kiliangukia matope."

Akafumba macho. "Basi sema ulichanganyikiwa. Hilo si uongo. Ukisema hilo tunapona. Usiposema, sina kitu kingine."

Nikamwambia nitasema. Na nilikuwa na nia ya kusema.

Wa kutafsiri walikuwa wamempata, askari wa pale pale mahakamani, kijana mrefu, buti zinang'aa, sare imepigwa pasi mikunjo ikasimama. Akasimama pembeni yangu. Wakili wa mikate akazungumza Kiingereza kirefu, na kijana akaniletea kifupi: "Muzee, yeye nauliza, ile siku ulisema uko sawa?"

"Nilisema."

"Nauliza tena, na ulikuwa sawa kweli?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno nilikuwa nalo mdomoni, nimechanganyikiwa, nilichanganyikiwa, ni neno rahisi. Nikatazama zile buti. Mguu ulikuwa unauma kwa kusimama, jasho linanitoka. Nikanyamaza mpaka watu wakaanza kukohoa. Hakimu, mama mwenye miwani, hakuwa mtu mbaya, akaniona ninavyoegemea fimbo, akamwambia kijana kitu taratibu. Kijana akanigeukia.

"Muzee, mheshimiwa nauliza, uko sawa?"

Fimbo ikaniponyoka. Visigino vikakutana, hata kile cha mguu mbovu.

"Niko sawa, afande."

Watu walicheka. Hata karani alicheka. Wakili wa mikate hakucheka, aliandika. Wakili wangu aliweka mkono kwenye paji la uso. Hakimu akasema tupumzike kidogo, tutarudi.

Kijana aliniokotea fimbo, akaipangusa kwa mkono wa sare yake. Nje kwenye korido binti hakunigombeza, afadhali angenigombeza. "Nenda kunywa maji, mzee wangu. Tukirudi nitakuuliza mimi mwenyewe polepole, utaeleza."

"Sawa," nikamwambia.

Maji yalikuwa kwenye bomba karibu na geti. Nikanywa. Nikajimwagia kidogo usoni. Pale getini mlinzi alikuwa anazungumza na muuza njugu, hawakuniangalia. Sikuwa na hasira na mtu. Nilifikiria zile ngazi, kuzipanda tena, nisimame tena kando ya yule kijana na mikunjo yake, na nilijua akiniuliza mara mia nitamjibu mara mia vile vile. Nikapita getini. Simu ikaanza kuita mfukoni nilipofika barabarani, nikaiacha iite. Nikashika upande wenye kivuli, fimbo mguu, fimbo mguu, nikateremka, na kule sikurudi tena.