Sungura wa Arusi ya Charline

Nyumba zetu za Ndosho ni za mbao, na ubao hauna siri. Jirani akikohoa kwake, wewe unasema pole kwako. Ndiyo maana ninayajua ya Charline, mshonaji anayekaa upande wa pili wa ukuta wangu. Anayedhani niliyatafuta aje akae hapa, azibe masikio.

Aliolewa na Julien, fundi wa pikipiki. Siku ya arusi, shangazi yake Julien alishuka kutoka Kalengera na kikapu chenye sungura wawili, mweupe na wa kijivu. Akatangaza mbele ya wageni kwamba ni bibi na bwana, wazae pamoja na wenye nyumba. Watu wakapiga vigelegele. Sasa nani angethubutu kumgeuza mnyama wa arusi tumbo juu mbele ya wakwe, amchungulie katikati ya miguu? Ingekuwa matusi. Wakapokelewa kama walivyotangazwa. Na kwa kuwa wa kijivu alikuwa akimpanda mweupe kila mara, hakuna aliyeuliza bwana ni yupi.

Walikaa ndani, chini ya meza ya cherehani, ubavu kwa ubavu. Mmoja akimlamba mwenzake uso, mwenzake anafumba macho. Charline alizoea kuwakatia majani kabla hajanywa chai yake mwenyewe.

Siku moja mweupe alianza kubeba majani makavu mdomoni, akayapanga pembeni. Halafu akajing'oa manyoya ya kifua mpaka ngozi ikaonekana, akatandika juu. Mfugaji yeyote anajua maana yake. Charline aliacha cherehani akaja mbio kwangu.

"Mama Dorine, kuya uangalie! Anatayarisha kitanda ya watoto!"

Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Alikuwa amejiwekea moyoni kwamba sungura wake wakizaa, naye atashika mimba, maana miaka ilikuwa inapita na yeye hana kitu. Ujinga? Sawa, uiteni ujinga. Mfa maji haishi kutapatapa.

Kitanda kilikaa kitupu. Mweupe alikilinda siku kadhaa, kisha akakisahau. Baada ya miezi akakitengeneza tena, na tena, na kila mara Charline alikuwa anaamini upya. Mimi nilichoka kabla yake.

Kambi za wakimbizi wa vita za Kanyaruchinya zilipovunjwa, mama yake Julien, Mukamugema, akahamia kwao. Mama yule alikuwa amepoteza nyumba na shamba, hakubaki na kitu ila huyo mtoto wake mmoja. Alitaka mjukuu, simlaumu kwa hilo. Ninamlaumu kwa mdomo wake. Alipokiona kitanda cha manyoya alimwambia Charline:

"Ata nyama yako, hii sungura, inakuiga. Inatandika, mutoto haiko."

Kisha akaanza kumsukuma Julien aoe msichana mwingine, Niyigena, wa kwao Kalengera. Charline aende wapi? Wazazi wake wako Butembo, na vita imekata barabara katikati. Nilikuwa namsikia akishona huku analia, mashine inakwenda, inasimama, inakwenda.

Siku ya Pasaka Mukamugema aliamua jambo.

"Dume hii ni bure. Tuikule, tutatafuta ingine."

Angalieni basi haki yetu. Kwa sungura, nyumba ikikosa watoto, kosa ni la bwana. Kwa watu, ni la bibi. Charline aliomba, alipiga magoti, Julien akamchinja wa kijivu hivyo hivyo. Mimi nilikuwepo kwa sababu kisu kilikuwa changu. Mukamugema alipasua tumbo juu ya beseni, mkono ukasimama.

"Kumbe ni muke," akasema.

Mfuko wa uzazi ulikuwa humo, wazi kabisa. Daktari wa mifugo aliniambia baadaye kwamba majike wakikaa wawili, mwenye nguvu huweza kumpanda mwenzake, na mwili wa mwenzake ukadanganyika, ukatandika kitanda cha mimba isiyokuwepo. Miaka yote tulikuwa tunamngojea mtoto kwa majike wawili.

Charline alisimama mlangoni. Hakupaza sauti.

"Ule mulimupasua njo mukamujua. Na mimi, munangoya kunipasua?"

Nyama ilipikwa, hakuna aliyeimaliza. Mweupe alimtafuta mwenzake chini ya meza, kwenye viatu, nyuma ya magunia. Alikataa majani. Charline alimlisha kwa mkono, lakini juma halikuisha, akamkuta amekufa. Alimfukia peke yake, na kufukia kitu kwenye mawe yetu haya ya volkano si kazi ya mchezo.

Kwa yale maneno ya mlangoni, Julien aliona haya. Akakubali waende hospitali kupimwa wote wawili. Waliporudi jioni, mama yake alikuwa bado kanisani, nikamsikia mwanamume analia nyuma ya ubao.

"Mwenye hazai njo mimi," alikuwa anasema. "Charline, njo mimi."

Charline alimbembeleza. Alimbembeleza yeye! Halafu Julien akasema:

"Usimuambie mama. Alipoteza yote. Akijua na mimi niko hivi, atakufa."

"Na mimi?"

Nilingoja jibu la Julien. Nilingoja mpaka Mukamugema akarudi, akabisha mlango.

Asubuhi mama huyo alikuwa anaosha vyombo uani, anasema kwa sauti ya kusikika na wote wa parseli, kiwanja tunachokaa pamoja:

"Julien, Niyigena atakungoya mpaka lini? Huyu ni tumbo ya mawe."

Julien alikuwa amechuchumaa karibu na pikipiki ya mteja, anakaza bolti. Hakuinua kichwa. Charline alikuwa na pasi ya makaa mkononi, juu ya sare ya shule. Alimtazama mumewe. Nilitamani kupiga kelele.

Akaiweka pasi chini.

"Pardon, mama," akasema, akaomba msamaha wa kosa lisilo lake.