Mahali pa Kuanikia Mlenda

Fundi wa sola nilimwita tapeli kwenye simu, mbele ya wateja watatu, cherehani ikiwa bado inazunguka. Naanza na hilo mwenyewe kabla halijasemwa na wengine. Nina hasira za karibu, nimezaliwa nazo, na aliyenizaa ndiye aliyesababisha yote haya.

Mama yangu anaishi peke yake kijijini kwetu, upande wa Chemba, kwenye tembe. Tembe la kweli, kuta za udongo na paa bapa la miti na udongo, fupi kiasi kwamba kaka yangu anainama mlangoni tangu yuko sekondari. Tumemwomba mara ngapi aweke bati! Anasema bati linaoka watu mchana na kupiga kelele mvua ikinyesha, na yeye hajaomba kuokwa. Baba amelala hapo nyuma ya zizi. Mbuzi wako hapo, kanisa liko hapo, na mashoga zake wa kwaya wako hapo. Usiku anawasha kibatari, na sisi tuliokulia kwenye kibatari hatukuona ubaya wowote.

Mpaka usiku mmoja wa Novemba upepo ulipozima kibatari, naye akajikwaa kwenye kinu chake mwenyewe. Alipasuka kipaji cha uso na mkono ukavimba kama mhogo. Kaka yangu ndiye mkubwa wetu, anakaa Msalato kwenye nyumba nzuri yenye umeme na vigae, na ni mtu mwema, ila akishaamua jambo hakuna wa kumrudisha. Akaamua mama ahamie kwake.

Mama alinipigia mimi. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Mwanangu, mimi Msalato nikafanye nini? Watanikalisha kwenye kochi niangalie televisheni. Nitakufa kwa kukaa." Nilifunga kibanda changu cha ushonaji pale mjini Dodoma nikaenda kumwomba kaka amwache, tumwekee taa za sola, na kuomba kwangu, wanaonijua watakwambia, kunafanana sana na kugombana. Mwishowe akasema, "Haya. Weka hiyo sola yako. Pasaka naenda na gari. Nikikuta taa inawaka usiku kucha, mama anabaki. Nikikuta giza, anapanda gari na godoro lake." Akampigia mama hapohapo, akamrudia maneno yaleyale, nami nasikia. Mama akajibu, "Nimesikia, baba," kama mtoto aliyepewa adhabu.

Fundi tulimpata Mrangi wa Kondoa, kijana mpole mwenye kofia ya kufuma, ambaye alivua viatu kabla ya kupanda kwenye paa la mama. Hiyo tu ilimfanya mama ampende. Alimwamkia, akanywa maji, kisha akauliza, "Mama, hapa kwako jua linakaa wapi kutwa nzima?" Mama hakufikiri hata kidogo. Akanyoosha kidole kwenye kona ya paa ya upande wa mashariki. Sehemu nyingine, alisema, mgunga unatupa kivuli asubuhi, na huku nyuma jioni jua linawahi kuondoka. Pale, hapana, pale linakaa. Fundi akapanda kwa lile gogo la mama lililochongwa vidato, akalaza paneli palepale na kuinua upande mmoja kwa tofali. Betri na kontrola akaviweka chumbani. Akafunga taa tatu: chumbani, jikoni kwenye kile kinu kilichomwangusha, na nje mlangoni.

Jioni ilipofika tukawasha. Mama alitembea kutoka taa hii hadi ile, akiziambia "mbukwa, mbukwa," kama anasalimia wageni wa harusi. Nililia. Sioni aibu kusema.

Wiki ya pili simu ikalia. "Taa imelala saa mbili." Kesho yake, saa mbili kasoro. Jumamosi nikapanda basi na bodaboda nikaenda kuangalia mwenyewe, na taa ikawaka mpaka alfajiri bila hata kutetereka. Nikarudi mjini Jumapili baada ya ibada, nimefurahi. Jumatatu ikapita, Jumanne simu: imelala. Ikawa ndiyo mtindo. Nikiwepo inawaka, nikiondoka inalala. Mama akasema labda inanipenda mimi. Mimi nikasema anawachajia simu kijiji kizima, naye akanuna siku mbili, maana haikuwa kweli. Nikalaumu mawingu, lakini mwaka ule mvua ilikuwa ya kusuasua na jua lilitupiga mpaka mahindi yakakunja majani.

Ndipo nikamgeukia fundi. "Dada," akanijibu kwa upole wake, "hiyo betri nzima. Angalia kivuli. Kuna kitu kinaifunika paneli mchana."

"Kitu gani kiifunike juu ya paa la tembe? Twiga?" Na ndipo nikamwita lile neno. Alisema tu, "Sawa, dada," akakata simu, na wateja wangu wakaanza kutazama mitindo ukutani.

Sasa katika fujo zote hizo kuna jambo moja tulilokuwa tunalifurahia sana, nalo ni mlenda. Msimu wa mvua mama huchuma mlenda pori, anauanika, anautwanga, na mimi kila Jumapili narudi mjini na mfuko. Wa mama nimeukulia, ni mtamu, lakini una mchanga. Paa la udongo, ufanyeje? Unatafuna taratibu tu. Mwaka huu, jamani, haukuwa na mchanga hata chembe! Nikaupika na karanga, nikawapelekea majirani, nikajisifu. Nikampigia mama kumuuliza, "Mwaka huu unauosha vipi?" Akacheka tu. Akasema ni baraka za Mungu.

Ilibaki wiki moja na siku chache kabla ya Pasaka. Taa ilikuwa imelala siku tatu mfululizo, na kaka alishaanza kuniuliza kama mama anapenda godoro laini au gumu. Jumatano asubuhi kichwa kikanichemka. Nikasema leo nakwenda kuling'oa hilo dude lote nimrudishie mwenyewe Kondoa. Sikumpigia mama wala mtu yeyote.

Nilifika mchana, jua la utosi. Uani hapakuwa na mtu. Nikaita hodi, nikasikia kitu kama panya juu ya paa, nikarudi nyuma kuangalia. Mama yangu, mwenye mkono uliopona juzi, alikuwa amechuchumaa juu ya tembe na kanga kichwani, anageuza mlenda. Na mlenda ulikuwa umetandazwa juu ya paneli yote, kona hadi kona, na vijiwe vidogo vimewekwa hapa na pale usipeperushwe na upepo.

Akaniona. Badala ya kusema karibu, akasema, "Mbona umekuja leo? Leo si Jumamosi!"

Weee! Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbilia zizini. Kwamba anaua sola, kwamba nimemtukana mtoto wa watu bure, kwamba anapanda juu ya paa na kaka akijua basi hata taa za uwanja wa mpira hazitamwokoa. Yeye akashuka kidato kwa kidato, bila haraka, akakaa kwenye kigoda. Kumbe kila Ijumaa jioni alikuwa anaondoa majani yote na kupangusa kioo, kwa sababu Jumamosi nakuja mimi, na mgeni akija nyumba inafagiliwa. Hakuwa ananificha. Alikuwa ananisafishia.

"Ulisema hiki kitu kinakula jua," akasema. "Nikaona basi jua jingi liko hapo. Na kweli, mlenda unakauka siku moja. Na hauna mchanga."

"Mama, paa zima hili! Ungeanika pembeni!"

"Pembeni wapi?" Hapo sasa na yeye sauti ikapanda, maana hasira zangu sikuziokota barabarani. "Fundi aliuliza jua linakaa wapi. Sikumdanganya, nikamwonyesha. Pale ndipo ninapoanika tangu nilipoolewa, na mama mkwe wangu aliniachia mimi. Mkachukua pote. Nikianika kule mgunga unafunika, mlenda unavunda. Nikianika chini mbuzi wanakula. Hakuna aliyeniuliza nitaanika wapi."

Nilikuwepo siku ile. Niliona kidole chake kikinyooka, na mimi niliyekula mlenda wa paa lile tangu sina meno sikujiuliza kwa nini anaijua kona ile vile. Nilikuwa na haraka ya kumwokoa. Nilikaa chini kwenye vumbi karibu na kigoda chake nikamwambia, "Nisamehe, mama." Akanisamehe palepale, akaniambia nimsaidie kushusha majani kabla upepo haujaanza.

Kumpigia fundi ilikuwa kazi nyingine. Nilizunguka ua mara tatu na simu mkononi. Nilipomwambia ni mlenda, nikasikia anacheka, anacheka mpaka akaniomba nisubiri kidogo avute pumzi. Nikamwomba radhi kwa lile neno. "Lilishapita, dada," akasema. Kesho yake alikuja na pikipiki, na nyuma ya pikipiki amefunga paneli nyingine. Nikadhani anataka kuniuzia. Kumbe ilikuwa mbovu, imekufa ndani lakini kioo chake kizima, ilikuwa imemkalia tu karakanani.

Tulishusha kila kitu chini. Mama alisimama katikati ya ua, akapiga hatua nne kuelekea zizini, akasema hapa. Fundi akatazama jua, akatazama mgunga, akasema bora hatua moja zaidi, mwezi wa Juni kivuli cha zizi kitafika hapa. Wakabishana vizuri tu, kama watu wa kazi moja. Mwisho alishinda fundi kwa nusu hatua. Akasimika nguzo nne, ile paneli inayofanya kazi ikakaa juu yake, mbuzi asiweze kuifikia, ila mama aweze kuipangusa vumbi kwa kitambaa bila kunyoosha shingo. Pembeni yake akatengeneza kichanja, na juu ya kichanja akalaza ile paneli iliyokufa. "Hii ya taa," akamwambia mama, "na hii ya mboga. Usizichanganye." Mama akapapasa kile kioo kwa kiganja kama anapapasa kitambaa cha kitenge kipya. Usiku ule taa iliwaka mpaka majogoo, na uliofuata, na uliofuata.

Fundi aliondoka na mfuko wa mlenda. Nilimpa mkubwa kuliko wangu.

Kaka alifika Jumamosi ya Pasaka, na pikapu. Nyuma alikuwa ameweka turubai na kamba za kufungia godoro. Alisalimia, akainama, akaingia, akawasha na kuzima kila swichi kama mkaguzi. Kisha akatoka uani, akaona vioo viwili vinang'aa, akatikisa kichwa cha mtaalamu. "Ahaa, mmeweka mbili. Ndiyo maana." Mimi nikauma mdomo. Mama akaingia jikoni haraka, na nikasikia anacheka na sufuria.

Taa ilikesha nasi mpaka alfajiri. Najua kaka aliamka kuikagua, maana nilimsikia akigonga kichwa mlangoni. Asubuhi tulikwenda ibada ya ufufuko, tukarudi, tukala ugali wa uwele na mlenda, naye akaomba tena na kusema mlenda wa mwaka huu hauna mchanga. Mama akamwongezea. Ndipo alipotoka kunawa, akakuta mama anatandaza majani juu ya kioo cha pili, akaangalia chini yake akakosa waya. Akaangalia kichanja, akaangalia paa. Kisha akaliona lile gogo la vidato, bado limeegemea ukutani, limelainika kwa nyayo.

"Nani anapanda hapa?"

Nilifungua mdomo niseme uongo, na uongo wenyewe nilikuwa nao tayari. Mama akaniwahi.

"Nilikuwa napanda mimi. Mpaka wiki iliyopita. Sasa sipandi, baba, nimeshushiwa jua chini."

Kaka alisimama pale muda mrefu, mikono inachuruzika maji, anamtazama mama mwenye umri ule, na kovu la kinu kwenye kipaji, anageuza jani moja moja. Nadhani alikuwa anamwona juu ya paa, siku zote zile ambazo sisi tulikuwa mjini. Macho yake yalijaa. Alilikumbatia lile gogo, akalinyanyua, akalibeba mpaka kwenye pikapu, akalilaza juu ya turubai, akalifunga kwa zile kamba za godoro.

Akamuaga mama, akaondoka nalo Msalato.

Mama alipunga mkono mpaka vumbi likatulia. Halafu akaniuliza kama atalirudisha. Nikamwambia hapana, hatalirudisha.

"Basi aniletee kuni," akasema, akarudi kwenye mlenda wake.